Upitishaji wa maji katika bwawa la samaki

Upitishaji wa maji katika bwawa la samaki ni kuingiza maji mapya na kutoa ya zamani ili mabaki ya chakula, kinyesi na majani yasirundikane chini. Uchafu huo ukioza hutumia oksijeni na kutoa amonia, ambayo huua samaki hata maji yakionekana masafi.

Wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, mvua ni nyingi na vijito havikosekani. Shida ni baridi. Perege hukua vizuri kwenye nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi, nao mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kijito kikiachwa kipite bwawani mchana na usiku, maji hupoa, na ule ukijani unaolisha perege huchukuliwa. Bwawa linakuwa safi, samaki wanadumaa.

Kwa hiyo ni afadhali kuingiza maji kidogo na kutoa yale ya chini. Bomba la kutolea maji lililosimama huvikwa bomba pana zaidi, lenye matundu karibu na sakafu na mdomo ulio juu ya maji. Hapo maji machafu ya chini hutoka, yale ya juu yenye joto yakibaki. Njia ya kuingilia huwa mbali na ya kutokea. Zikikaribiana, maji mapya hutoka mara moja na tope la pembe za mbali halisogei.