"Wapi" ni la Kuulizia Tu

Mtoto wa shule wa Kagarama, mjini Kigali, akitaka kumwonyesha mgeni kwao kwa Kiswahili, huenda akasema: "Ile ndiyo nyumba wapi tunakaa." Mgeni ataelewa, ila sikio lake litakwaruzika. Asili ya kosa hilo ni neno la Kiingereza "where", ambalo huuliza mahali na papo hapo huunganisha maneno. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na si ajabu desturi zake zikahamia katika Kiswahili cha watoto.

Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hakina neno la namna hiyo. "Wapi" huuliza tu: "Unakaa wapi?" Pa kuunganisha, kitenzi hutiwa po, ko au mo. "Pale ninapokaa" ni mahali maalumu, hata kidole chaweza kupaonyesha. "Huko ninakokaa" ni upande au mtaa. "Nyumba ninamokaa" ni ndani.

Kinyarwanda nacho hutenganisha kazi hizo mbili. Aulizwaye "Utuye he?" hajibu kwa "he", husema "aho ntuye". Basi mtoto wa Kagarama ana njia tayari katika ulimi wa mama yake, na ni Kiingereza cha darasani kinachomsahaulisha.

Kwa askari, hili si pambo la lugha. "Nyumba alimoingia mwizi" huwaambia wenzake waizingire nyumba. "Huko alikokimbilia mwizi" huwaambia waufuate upande. Tena po ina hila yake, maana hutaja mahali na wakati pia. Taarifa ikisema, "Bunduki ilipotea alipolala mlinzi," mkubwa wake atauliza: ilipotea pale kwenye malazi yake, au ilipotea saa ya usingizi? Mashtaka ya mlinzi huyo hayawi mamoja. Heri mwandishi wa taarifa aongeze neno moja: "mahali alipolala", au "wakati alipolala".

Nyumbani zoezi ni jepesi, wala halihitaji ubao. Mtoto akiulizwa, "Ufunguo uko wapi?" asiachwe kujibu "uko" kila mara. Upo mezani, umo mfukoni, au uko kwa jirani.