Ipoze Ndoo, Siyo Mapenzi

Mmechoka kutoka kila Ijumaa na kurudi na waleti nyepesi? Wapo wapenzi walioamua kutengeneza bia yao jikoni. Kimea, hopsi, hamira ya bia na maji, hapo hakuna uchawi. Ila kama mnaishi Bagamoyo, Bunju au Mbweni, adui yenu ni mmoja: joto.

Hamira ni kiumbe hai, na kina maringo yake. Hamira nyingi za bia za nyumbani hupenda nyuzijoto 18 hadi 22. Za laga, kama bia nyingi za baa zetu, hutaka 8 hadi 13. Sasa sebule yako mchana wa Februari ina ngapi? Thelathini, au zaidi. Tena hamira ikianza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Hapo inafanya kazi kwa pupa na kuacha vileo vizito vinavyokwaruza koo. Bia inanukia ndizi zilizoiva kupita kiasi, au rangi ya kucha. Halafu lawama: nani aliweka ndoo karibu na dirisha?

Pwani tunalijua jambo hili siku nyingi, bwana. Mgema (ndiyo, yule yule wa methali) hupanda mnazi asubuhi na jioni kwa sababu tembo huanza kuchachuka kungali juu mtini. La asubuhi ni tamu, jioni limeshakuwa kali, na likilala linaelekea kwenye siki. Yeye hulishinda joto kwa haraka: linanyweka siku hiyo hiyo. Bia inataka wiki moja au mbili, haraka haisaidii. Hata Wajerumani, waliokuwa na makao makuu yao Bagamoyo hadi 1891, kwao walitegemea mapango na barafu mpaka mashine za Carl von Linde zilipoingia viwandani miaka ya 1870.

Ninyi mna beseni. Simamisheni ndoo ndani ya beseni kubwa, mjaze maji hadi nusu ya ndoo, kisha mtumbukize chupa za maji yaliyoganda: mbili asubuhi, mbili usiku, mkibadilishana na zilizo kwenye friza. Maji hubadilika joto taratibu kuliko hewa, kwa hiyo hata umeme ukikatika saa chache hamjapotea. Khanga mbichi na feni? Inasaidia kidogo, lakini unyevu wa pwani hauruhusu maji kukauka upesi. Ujanja huo Dodoma ungelipa zaidi.

Bandikeni kipimajoto ubavuni mwa ndoo, juu ya usawa wa maji ya beseni lakini chini ya usawa wa bia, mkifunike kwa kitambaa kilichokunjwa ili kisisome hewa ya chumbani. Msitie hamira kabla supu ya kimea haijapoa hadi nyuzi 20 hivi. Siku tatu za mwanzo ndizo za kukesha, maana ladha nyingi hutengenezwa hapo. Baadaye iacheni ipande kidogo.

Mkubaliane mapema kuhusu friza, jamani. Kuku wa wiki nzima na chupa nane za barafu havikai pamoja kwa amani.

Kama ndiyo mara ya kwanza, ngojeni Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku unashuka karibu na nyuzi 20. Wakati wa kaskazi, tafuteni hamira ya kveik, ya mashambani Norway, ambayo hufurahia hata nyuzi 30 na kitu. Kunyweni wenyewe na wageni. Kuuza kunataka leseni.

Halafu chupa. Msifunge mpaka haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, ionyeshe namba ile ile siku tatu mfululizo. Sukari ikibaki nyingi, kwa joto letu chupa hupasuka kama bomu. Ziwekeni kwenye kreti lililofunikwa, mbali na chumba anacholala mtoto.