Jumong Kibandani: Utendi wa Kikorea Masikioni mwa Mswahili

Mwanafunzi wa fasihi akiingia kwenye kibanda umiza cha Tandale au Tandika huingia na zana zake: dhamira, migogoro, wahusika, mandhari. Raha hajaifuata. Na tamthiliya ya Kikorea yenye sehemu 81, ya wafalme wenye majina yasiyokaa ulimini, ndiyo ya mwisho kutegemewa kumpa raha hiyo. Lakini Jumong imenifurahisha, tena sana, na makala haya yanakusudia kueleza furaha hiyo inatoka wapi. Jibu la haraka haraka, kwamba eti ni mapanga na farasi, halitoshi. Mapanga tumeyaona kwenye mikanda ya Wachina miaka nenda rudi, na hatukuyakeshea.

Kwanza kisa chenyewe. Jumong ilirushwa Korea Kusini na kituo cha MBC kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Inamhusu mwasisi wa dola ya Goguryeo, ambayo kwa mapokeo ilianzishwa mwaka 37 kabla ya Kristo. Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilishwa mwaka 1145, kinasimulia kwamba mama yake, Yuhwa, alipata mimba kwa mwanga wa jua akazaa yai. Mfalme akaamuru litupiwe mbwa na nguruwe, wasilile. Likatupwa njiani, ng'ombe na farasi wakalikwepa. Likatupwa porini, ndege wakalifunika kwa mbawa zao. Akatoka mtoto wa kiume mwenye shabaha isiyokosea, na jina Jumong lenyewe katika lugha ya watu wa Buyeo lilimaanisha hodari wa upinde. Wana wa mfalme wakamwonea kijicho, akatoroka. Alipofika mtoni pasipo na daraja, samaki na kasa wakapanda juu, wakajipanga, akavuka.

Jamani, huyu si tunamjua? Fumo Liyongo naye ni mpiga mishale, naye anaonewa kijicho na mtawala, naye anatoroka kwa hila. Yeye anafichiwa tupa ndani ya mkate. Jumong anamdhoofisha farasi bora ili mfalme amwone si kitu, ampe yeye. Mshairi Yi Gyu-bo, katika utenzi wake wa mwaka 1193 kuhusu shujaa huyu, anasema Jumong alimchoma farasi yule sindano kwenye shina la ulimi asile. Sindano! Liyongo anauawa kwa sindano ya shaba ya kitovu. Sisemi Walamu na Wakorea waliazimana. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Mbagala anapoketi kwenye benchi anakuwa na mifupa ya kisa hiki tayari kichwani, na kilichobaki ni nyama.

Ajabu ni kwamba waandishi wa tamthiliya wamelitupa yai. Jumong wao anazaliwa kama mimi na wewe, baba yake ni Hae Mo-su, jemadari wa wakimbizi. Tena mwanzoni ni mwoga, hajui hata kushika upanga, na anafundishwa vita pangoni na mfungwa kipofu asiyejua kwamba anayemfundisha ni mwanawe. Miujiza imebanwa kwenye mambo machache: kunguru wa miguu mitatu, kuhani Yeo Mi-eul anayeona yajayo, na upinde wa Damul ambao wana wa mfalme wanashindwa kuutia kamba, Jumong akauweza ukavunjika mikononi mwake. Kifani ni uamuzi mzuri. Shujaa aliyetoka kwenye yai hana haja ya kukua, mwoga anayo.

Hapo ndipo anapoingia DJ. Kwa asiyejua: DJ wa muvi hapigi muziki. Ni mtu anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, kazi iliyompa jina mjini mtu kama Lufufu, na ambayo Kampala hufanywa kwa Kiluganda na wanaoitwa VJ. Wasomi wengi huiita tafsiri mbovu. Mimi naona wanaipima kwa mizani isiyo yake. Mulokozi, katika makala yake ya Mulika ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: kuna fanani, hadhira, mahali, wakati. DJ ni fanani. Anamwita Jumong "steringi" na Daeso "adui", anaonya kabla ya mtego kunasa, anatania, anatumia methali. Niliyemsikia mimi alimwambia Jumong mwoga, "Wewe kijana, Buyeo nzima inakungojea, wewe unangojea chai?" Maneno hayo Seoul hayapo. Hadhira ikajibu kwa sauti moja. Miujiza iliyopunguzwa na mwandishi, DJ anairudisha kwa mlango wa nyuma.

Wapo watakaosema huu ni ubeberu wa kiutamaduni umevaa kanzu ya Kiasia. Hoja ina uzito, maana fedha za matangazo hazirudi Temeke. Ila watazame kisa kinahusu nini. Dola ya Han ina panga za chuma cha pua, na mhunzi wa Buyeo, Mo Pal-mo, anahangaika sehemu baada ya sehemu kutafuta siri ya upanga usiovunjika ukikutana na wa Han. Halafu chumvi inazuiwa, na Jumong anaifuata mbali, Gosan. Yaani ni nchi inayonyimwa ufundi na bidhaa na mkubwa wake! Kibandani nilikokuwa, upanga wa Mo Pal-mo ulipostahimili pigo watu walisimama, na si kwa sababu ya mapenzi ya steringi.

Mapenzi yana gharama yake kwa DJ. Mwishoni So-seo-no, binti wa wafanyabiashara aliyeijenga Goguryeo pamoja na Jumong, anaamua kuondoka kwenda kusini na wanawe Biryu na Onjo, ili asigombanishe nyumba. Waigizaji Song Il-gook na Han Hye-jin wanaachia nyuso ziseme. DJ hajui kunyamaza. Alieleza kila chozi, na kwa dakika kadhaa nilimchukia. Nikaitafuta sehemu ile bila sauti yake, yenye maandishi ya Kiingereza chini, nikaiweka nyumbani. Kimya kikatanda. Bibi yangu, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa: "Mbona huyu hawasemi wanamwaga anaenda wapi?" Nikaanza kumsimulia.