Idi ni furaha, mbona yaja na machozi?

Mwezi ukishaandama, mji hubadilika kwa dakika chache. Takbira zaanza misikitini, mafundi wa nguo wakesha na vyerehani vyao, mchele wa vibibi umeshatiwa majini, na watoto walala na hina mikononi. Lakini usiku huo huo, katika nyumba moja mtaani, mama atoa sahani kabatini kuziandaa kwa ajili ya asubuhi. Azihesabu, kisha arudisha moja.

Ndugu msomaji, mama huyo humkosi mtaani kwako. Pengine ni wewe mwenyewe. Amefunga mwezi mzima, amepata uzima na chakula, na ajua kuwa ni wajibu wake kushukuru. Hata hivyo koo lamkaba. Kinachomuumiza zaidi ni shaka: je, kulia siku ya Idi si kukufuru neema? Shaka hiyo wengi wanayo na hawaisemi, kwa hivyo yafaa kuielezea.

Tuanze na neno lenyewe. Wanavyuoni wa lugha hulirudisha neno Idi kwenye asili ya Kiarabu yenye maana ya kurejea. Ni siku iendayo ikarudi. Na kila kirudicho hutukumbusha visivyorudi. Siku za kawaida mtu aweza kupitisha wiki bila kuitazama kofia ya marehemu baba iliyoko ukutani. Idi ikifika, kofia hiyo ndiyo ya kwanza kuonekana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mlangoni kuwaharakisha watu waende kuswali. Furaha na uchungu wa siku hiyo hutoka chungu kimoja: ni kwa kuwa tulifurahi pamoja ndipo tukaumia kwa kupungukiwa.

Idi pia haina msimu. Kwa kuwa yafuata mwezi, kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11, na huchukua takriban miaka 33 kuuzunguka mwaka wote wa jua. Hutukuta kusi na hutukuta kaskazi, bahari ikiwa shwari na ikiwa imechafuka, mfuko ukiwa na kitu na ukiwa mtupu. Haingoji mtu amalize msiba wake.

Tena tazama salamu zetu. Tusemapo "Kullu aam wa antum bikheir", twamwombea mtu heri kila mwaka. Salamu iliyopokewa kutoka kwa maswahaba yaomba Mungu atutakabalie sisi na nyinyi. Katika salamu hizo hakuna amri ya kucheka. Ni dua, na dua humfaa mwenye furaha na mwenye majonzi sawasawa. Aliyefiwa aweza kuitikia salamu ya Idi kwa moyo mkunjufu huku macho yamemlenga machozi, wala asiwe mnafiki.

Sasa tuje kwenye shukrani. Katika Surat al-Baqara, aya ya 185, inayotaja Ramadhani, mwisho wake waeleza kuwa tukamilishe hesabu ya siku, tumtukuze Mungu kwa kutuongoza, na tupate kushukuru. Kwa hivyo takbira za Idi zenyewe ni shukrani. Lakini shukrani ni nini? Wanavyuoni hutaja mahali pake patatu: moyoni, kwa kuitambua neema, ulimini, kwa kuitaja, na viungoni, kwa kuitumia katika wema. Katika hizo tatu hakuna sharti la kutohuzunika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa Ulumid-Din aliiweka subira na shukrani katika kitabu kimoja. Aliona kuwa mambo hayo mawili huishi nyumba moja.

Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alilia alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim. Alipoulizwa kuhusu machozi yale, alieleza kuwa ni huruma, na kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Hapo ndipo mpaka ulipo. Kilichokatazwa ni kulalamikia kadari na kujirarua. Machozi hayakukatazwa.

Sheria nayo haikumwacha mfiwa bila kipimo. Kwa jamaa wengine wote, maombolezo ya kujizuia na mapambo hayapiti siku tatu. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa ana mimba. Idi ikimkuta ndani ya eda hatajipamba, hatatia manukato, wanja wala hina. Lakini hakuna palipoandikwa asicheke na wajukuu, asile biriani, au asipewe mkono wa Idi. Sisi majirani ndio tunaomkosea kwa njia mbili. Wako wanaompita mlango kwa kudhani kuwa kumpa salamu ya Idi ni kumtonesha kidonda. Wako pia wanaoingia na kumwambia, "Basi bibi, usilie, leo ni Idi." Wa kwanza wamuacha peke yake, wa pili wamnyima hata machozi.

Kuna huzuni nyingine pwani yetu isiyo na matanga wala hitima. Ni ile ya nyumba zenye binti au kijana aliyeko Uarabuni kikazi. Mara nyingi Saudi Arabia hutangaza Idi siku moja kabla ya wengi wetu hapa. Simu yalia, binti asema "Idi Mubarak, mama", na mama bado yuko kwenye saumu. Saa zao na zetu ni zile zile, lakini mmoja yumo ndani ya Idi na mwenziwe yu nje. Huenda binti huyo ashinda siku nzima jikoni akipikia wageni wa nyumba nyingine, na kanzu mpya aliyovaa mdogo wake huku ni jasho lake. Mama ashukuru kwa kanzu ile, na hapo hapo aumie kwa ajili yake. Nani atamwambia achague moja?

Hata mji mzima umewahi kuonja hali hiyo. Mei 2020, kwa sababu ya korona, Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa umefungwa watu wasiingie wala kutoka, na misikiti imefungwa. Idi ikaswaliwa majumbani, baba akiwa imamu wa watoto wake sebuleni. Wengi walilia kwa kukosa jamaa wa safu ile ya uwanjani, na wengi walimshukuru Mungu kwa kuwa safu ya sebuleni ilikuwa bado imetimia. Yote mawili yalikuwa kweli.

Basi tufanye nini? Kwanza tukumbuke kuwa furaha ya Idi imewekewa sharti tangu mwanzo. Kabla ya swala ni lazima zakatul-fitri iwe imetoka: pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula cha watu wa mji, kwetu aghalabu mchele au unga, kwa kila mtu wa nyumba hata mtoto mchanga. Kwa mizani ya leo ni kama kilo mbili na nusu hadi tatu. Lengo lake mojawapo ni masikini asilale njaa siku ambayo wengine wala. Huko ndiko kushukuru kwa viungo.

Pili, wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Na furaha nayo tumwachie mfiwa aianze kwa kiasi chake. Akitaka kumtaja marehemu, tumtaje naye: alivyopenda tambi, alivyogawa sarafu kwa watoto, alivyokosana na mpishi juu ya chumvi ya pilau. Kumtaja mtu kwa wema na kumwombea dua ni kuishukuru neema ya kuwa naye.

Tatu, ni sunna kwenda kuswali Idi kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Njia ya kurudi iwe ile ipitayo mlangoni mwa mjane, au mwa mama mwenye mwana ng'ambo. Ingia, toa salamu, ukae hata kwa kikombe kimoja cha kahawa. Usimwambie asilie.

Na yule mama aliyerudisha sahani kabatini, mwaka huu aitoe. Aitie mahamri na mbaazi, aifunike kwa kawa, ampe mtoto aipeleke kwa jirani asiye na mtu wa kumpikia. Sahani ya marehemu itakuwa imekula Idi, na mama atakuwa ameshukuru, hata kama kanga yake imelowa machozi.