Kiti Kikiwa Wazi: Kaburi la Remera na Katiba ya Wamarekani

Mtu atokaye katikati ya jiji la Kigali akielekea uwanja wa ndege wa Kanombe hupita Remera, mtaa wenye pilikapilika za maduka, hoteli na mabasi. Hapo upo Uwanja wa michezo wa Amahoro, na si mbali nao yapo makaburi ya mashujaa wa taifa la Rwanda, ambako kila tarehe 1 Februari viongozi na wananchi huweka mashada ya maua. Miongoni mwa waliolazwa hapo ni Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa nchi hiyo. Alishika kazi hiyo Julai 1993, akauawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994.

Wengi humkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Sisi leo twataka kumkumbuka kwa swali ambalo mauti yake yaliliacha wazi: rais akifa usiku, ni nani mwenye amri ya nchi alfajiri?

Swali hilo liliwasumbua Wamarekani kabla yetu, nao hawakulijibu vizuri mara ya kwanza. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia mwaka 1787, na tarehe 17 Septemba 39 kati yao wakatia sahihi. Walikuwa wamejitoa chini ya mfalme wa Uingereza, kisha tangu 1781 wakajaribu kuishi kwa mapatano legelege baina ya majimbo, wakiwa na bunge lisiloweza kutoza kodi, bila ya rais mtendaji wala mahakama kuu ya taifa. Mfalme waliyajua madhara yake. Sasa walijua na madhara ya kukosa serikali.

Dawa waliyoipata ilikuwa ni kutomwamini mtu yeyote kupita kiasi. Bunge litunge sheria, rais azitekeleze, mahakama izifasiri, na kila mmoja apewe fimbo ya kumzuia mwenziwe. Rais aweza kuukataa muswada, lakini theluthi mbili za kila baraza zaweza kuupitisha bila ya ridhaa yake. Yeye huteua majaji, lakini hawashiki kazi mpaka Baraza la Seneti liwakubali. Na akikosa sana, Bunge laweza kumshtaki na kumwondoa. Anayedhani kwamba hati ile ilishuka kutoka mbinguni ikiwa kamili bila shaka hajaisoma: watu wale wale waliochukia udhalimu wa mfalme waliwaacha watumwa katika minyororo, wakawahesabu kila watumwa watano kuwa sawa na watu huru watatu katika kugawa viti vya Bunge. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Wanawake walisubiri mpaka 1920 ndipo Katiba ilipokataza kuwanyima kura kwa sababu ya jinsia yao.

Kuhusu kifo cha rais, waliandika kwamba madaraka yatamwangukia makamu wake. Je, makamu anakuwa rais hasa, au anashikilia tu mpaka apatikane mwingine? Hawakufafanua. Tarehe 4 Aprili 1841 Rais William Henry Harrison akafa, akiwa amekaa madarakani mwezi mmoja tu. Makamu wake, John Tyler, akaapa na kusema kwamba yeye sasa ni rais, si kaimu. Wapinzani wakakasirika, wakaendelea kumwita kaimu. Mabishano yalifanyika Bungeni na magazetini, na mwishowe mabaraza yote mawili yakamkubali. Desturi hiyo ya Tyler ikafuatwa kwa miaka 126, bila ya kifungu cha wazi, hadi rekebisho la 25 la mwaka 1967. Rais Kennedy alipouawa huko Dallas tarehe 22 Novemba 1963, Lyndon Johnson aliapishwa ndani ya ndege muda wa saa mbili hivi baadaye. Mwaka 1974 Nixon alipojiuzulu, nafasi ikashikwa na Gerald Ford, mtu ambaye wananchi hawakumpigia kura ya urais wala ya umakamu. Katika nyakati zote hizo hakuna kanali aliyeitisha mkutano usiku kuamua nani atawale.

Huko Kigali kanali alikuwapo.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilitunguliwa ndege iliyokuwa ikikaribia kutua Kanombe. Ndani yake walikuwamo marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Tafadhali msomaji, tua hapa kidogo. Ndege moja, saa moja, nchi mbili zenye viti vitupu. Burundi ilikuwa na jeraha bichi: tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi waasi walimwua Rais Melchior Ndadaye, wakamwua na Spika wa Bunge pamoja na naibu wake, yaani waliikata ngazi yote ya urithi wa madaraka. Hata hivyo, Aprili ile Spika mpya, Sylvestre Ntibantunganya, alikishika kiti kwa mujibu wa sheria na jeshi halikumzuia. Miaka miwili baadaye, Julai 1996, jeshi hilo hilo lilimpindua.

Rwanda sheria zilikuwa mbili. Ilikuwapo Katiba ya tarehe 10 Juni 1991, iliyompa nafasi ya muda mkuu wa Baraza la Taifa la Maendeleo. Ulikuwapo pia Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993, ulioweka Bunge la mpito na utaratibu wake wenyewe; lakini Bunge hilo lilikuwa halijaundwa. Katika utata huo, aliyebaki akiongoza serikali alikuwa Waziri Mkuu. Hivyo ndivyo Jenerali Roméo Dallaire wa majeshi ya Umoja wa Mataifa alivyowaambia maofisa waliokutana usiku ule. Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi akakataa katakata kumtambua.

Agathe alitaka kwenda redioni alfajiri awatulize wananchi. Askari kumi wa Ubelgiji walitumwa kumlinda. Hakufika redioni, na wao wote kumi waliuawa baadaye siku hiyo. Watoto wake waliokolewa. Asubuhi ile ile aliuawa Joseph Kavaruganda, mkuu wa Mahakama ya Katiba. Aliuawa pia Waziri Landoald Ndasingwa, pamoja na mkewe, watoto wao wawili na mama yake mzazi. Hoteli yake ya Chez Lando ingali ipo Remera, na wageni hulala hapo.

Tazama basi jambo la ajabu. Serikali iliyoapishwa tarehe 9 Aprili ilijidai kuwa ya halali kabisa: ilimweka Théodore Sindikubwabo, mkuu wa lile Baraza, ikitaja Katiba ya 1991. Kifungu kilifuatwa, ilhali mwenye serikali na mkuu wa Mahakama ya Katiba walikwisha kuuawa, na chini ya serikali hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea hadi Julai. Waziri Mkuu wake, Jean Kambanda, alikiri makosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa huko Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1998. Bagosora alihukumiwa vivyo hivyo mwaka 2008, adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 35 mwaka 2011.

Wamarekani nao wasijisifu mno. Tarehe 6 Januari 2021 kundi la watu lilivamia Bunge lao ili kuzuia hesabu ya kura za urais. Wabunge walirudi usiku ule ule, wakamaliza kazi kabla hakujapambazuka. Ni hapo, si katika uzuri wa maandishi, tunapoiona tofauti.

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003, iliyorekebishwa mwaka 2015 na 2023, imeandika safu yake bila ya kuficha. Rais akifa, hukaimu Rais wa Seneti; asipopatikana, Spika wa Baraza la Wabunge, ambaye yapasa awe wa chama kingine na kile cha Rais; asipopatikana huyo, Waziri Mkuu. Uchaguzi ufanyike kabla ya siku 90 kupita, na anayekaimu haruhusiwi kubadili Katiba wala kutangaza vita. Ile nafasi ambayo Agathe Uwilingiyimana aliidai alfajiri ile sasa imo katika sheria, na ni ya tatu.