Aliyezikwa na theluji huuawa na pumzi zake mwenyewe

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani, kijana mmoja akatupitishia simu yake tutazame video. Upande mzima wa mlima mweupe ulikuwa ukiteremka kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye lori, na watu waliokuwa wakiteleza juu ya mbao zao wakamezwa mara moja. Mzee mmoja akauliza: "Theluji si kama pamba? Na pamba ina hewa ndani. Mbona basi mtu afe?"

Tulicheka kidogo, lakini swali lile lilikuwa zito kuliko kicheko chetu. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu ndani yake mna funzo hata kwetu sisi tusioijua theluji ila ile tunayoisikia ya kilele cha Kilimanjaro.

Mzee hakukosea. Barafu tupu ya ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja ina uzani wa takriban kilo 917. Theluji iliyoporomoka, kwa ujazo ule ule, aghalabu huwa na kilo 300 hadi 500. Maana yake ni kwamba karibu nusu yake au zaidi ni hewa. Kwa hivyo aliyefukiwa amezungukwa na hewa pande zote. Tatizo ni kuifikia.

Theluji inapoteremka huenda kama maji, lakini ikishasimama hushikana na kugumu kama simiti. Aliyefukiwa hawezi kuinua mkono, na wengine hata kidole hawawezi kukisogeza. Kifua nacho hubanwa, ilhali kupumua kunahitaji mbavu zitanuke. Ikiwa mdomo na pua vimejaa theluji, maisha yake ni ya dakika chache tu. Ndiyo maana watu wa milimani hufundishwa kwamba maporomoko yakikaribia kusimama, mtu aweke mikono mbele ya uso ili abaki na nafasi, japo ndogo. Nafasi hiyo ndiyo akiba yake.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Tuseme mbele ya uso wake pana nafasi ya lita mbili. Ndani yake mna oksijeni isiyofika nusu lita. Kama nafasi hiyo ingezibwa kabisa, ingekwisha kabla ya dakika mbili. Lakini wako watu waliotolewa hai baada ya muda mrefu zaidi ya huo. Walivuta hewa iliyopenya katikati ya chembe za theluji, kama alivyodhani mzee wetu.

Basi kwa nini wengine wafe? Kwa sababu ya kile wanachokitoa. Hewa tunayoivuta ina kabonidioksidi kidogo mno, lakini tunayoitoa ina takriban asilimia nne, na oksijeni yake imeshuka hadi kama asilimia 16. Hapa nje upepo huichukua. Ndani ya theluji haina pa kwenda, ikabaki pale pale mbele ya uso, na mtu akairudia kuivuta. Kila pumzi huwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Madaktari wamelipima jambo hili. Hermann Brugger na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, waliwaomba watu wa kujitolea wapumue ndani ya tundu la lita moja au mbili lililochimbwa katika theluji. Katika dakika chache tu oksijeni ya damu yao ilishuka kutoka karibu asilimia 99 hadi karibu 88. Miaka mitatu kabla ya hapo, nchini Marekani, watafiti waliwazika watu wa kujitolea katika theluji iliyoshindiliwa, huku wakiwachunga kwa vipimo. Waliopewa kifaa kinachovuta hewa ya theluji mbele na kuipeleka pumzi iliyotumika nyuma ya mgongo, walikaa karibu saa nzima. Bila kifaa hicho, ilibidi wengi watolewe baada ya kama dakika kumi. Theluji ilikuwa ile ile na hewa ile ile. Tofauti ilikuwa ni pumzi chafu imekwenda wapi.

Mwili haukubali kushindwa upesi. Kinachotusukuma kupumua si upungufu wa oksijeni kwanza, bali ni kuzidi kwa kabonidioksidi katika damu. Sehemu ya chini ya ubongo huhisi badiliko hilo na kuamrisha mtu apumue haraka na kwa kina, na moyo nao hupiga mbio. Lakini amri hiyo, ambayo huku nje ingemwokoa, kule chini humharakisha, kwa kuwa anazidi kuichafua ile hewa ndogo aliyo nayo. Kisha fahamu hupotea. Na akizimia kimya, angalau misuli hutulia na matumizi ya oksijeni hupungua.

Lipo jambo jingine la ajabu. Pumzi yetu ni ya joto na ina unyevu. Huiyeyusha theluji iliyo mbele ya mdomo, kisha maji yale huganda tena yakawa utando wa barafu. Utando huo huziba vile vitundu vilivyokuwa vikipitisha hewa. Hivyo mtu hujijengea ukuta kwa pumzi yake mwenyewe.

Na baridi je? Wengi hudhani ndiyo muuaji mkuu. La. Wengi wa wanaofukiwa hufa kwa kukosa hewa, wengine kwa majeraha ya kugongwa na miamba na miti, na wachache ndio huuawa na baridi. Kwa aliyebahatika kuwa na nafasi ya kupumua, baridi hata humfaa kwa kiasi fulani, kwani mwili ukipoa, ubongo na moyo huhitaji oksijeni kidogo zaidi. Ndiyo sababu madaktari wa milimani hawafanyi haraka kumtangaza kuwa amekufa mtu aliyepoa sana ikiwa njia yake ya hewa ilikuwa wazi.

Lakini saa haimngoji mtu. Uchunguzi wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika dakika 15 za mwanzo, zaidi ya watu tisa kati ya kumi waliofukiwa kabisa walikuwa bado hai. Kufikia dakika ya 35, walikuwa wamebaki kama watatu. Hesabu mpya zilizotolewa mwaka 2024, pia kutoka Uswisi, zimeufupisha muda ule wa matumaini hadi dakika kumi.

Wanaopona baada ya siku ni wale waliopata nafasi kubwa ya hewa. Mnamo Januari 2017, maporomoko yaliangukia hoteli ya Rigopiano nchini Italia na kuua watu 29. Hata hivyo, wako waliotolewa hai baada ya zaidi ya saa 40, watoto wakiwemo, kwa sababu kuta na dari zilizoanguka ziliwaachia vyumba vya hewa.

Dakika kumi hazitoshi kuita helikopta. Ndiyo maana waendao milimani kwa kujua hubeba vitu vitatu: kifaa kidogo cha redio kinachotoa na kupokea mawimbi, ufito mrefu wa kudungia theluji, na sepetu. Mwokozi wa kweli ni mwenzako aliyesalia juu. Naye pia atazame usalama wake. Nchini Uturuki, mkoa wa Van, Februari 2020, waokoaji waliokuwa wakitafuta waliofukiwa walifukiwa na maporomoko ya pili, na wengi wao wakafariki.

Sasa turudi kwetu. Kijana wetu anayezamia kamba au pweza anaishi chini ya kanuni ile ile ya kabonidioksidi. Wako wanaohema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza oksijeni. Wanachofanya hasa ni kuitoa kabonidioksidi, yaani wanaizima kengele. Oksijeni huisha chini ya maji kabla kengele haijalia, na mtu huzimia bila hata kuhisi haja ya kupumua. Mwambieni mwanenu aache mchezo huo, na asizame peke yake.

Kwa maana funzo la theluji na la bahari ni moja. Iwe ni mtu aliyefukiwa, aliyezama au aliyeangukiwa na ukuta, dakika za mwanzo ni za aliye karibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuwafunze vijana wetu kumvuta mtu majini, kumfungulia njia ya hewa na kumpulizia pumzi, kabla hatujaanza kulaumu kwamba ambulensi imechelewa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote, wa pwani na wa milimani.