Kabla ya kuuliza "nijifunze kifaa gani?", uliza "ninapima nini?"



Kuna swali moja vijana wa informatiki wanaulizaka sana wakimaliza masomo Kolwezi ao Lubumbashi na kurudi nyumbani Kasaji: "Mukubwa, kwa majaribio ya programu yanayojiendesha, nijifunze kifaa gani? Selenium? Playwright? Cypress?" Swali ni zuri, lakini linaanzia mkiani. Leo tulianzie kichwani, na mfano nitautoa kwa kosa langu mwenyewe.

Mama yangu mudogo anauzisha unga, mafuta na sabuni. Nilimwandikia programu ndogo ya kuhesabu baki. Munajua vile biashara yetu inaendaka: bei inatajwa kwa dola, mteja analipa kwa dola, lakini senti za dola hazitembei huku. Baki inarudi kwa franga, kwa bei ya dola ya ile siku. Niliijaribu kwa mkono: mteja ametoa dola 10, amenunua vitu vya dola 7, dola moja tuseme ni franga 2 800. Baki franga 8 400. Sawa kabisa. Nikajaribu na dola 20, nikajaribu na dola 5. Sawa. Nikamwachia.

Siku chache baadaye akaniita: "Mwana wangu, mashini yako inaiba batu."

Mteja alitoa dola 5 kwa vitu vya dola 3,50. Baki ni dola 1,50, maana yake franga 4 200. Programu iliandika 2 800. Nilikuwa nimeandika hesabu ya namba nzima tu, na ile nusu dola ikakatwa kimya kimya. Sikuiona juu mifano yangu yote ilikuwa ya dola nzima. Nikatengeneza. Kesho yake, kosa lingine: mwenye kulipa kwa franga tupu anapewa baki isiyo na maana, wakati jana hesabu hiyo ilikuwa inatembea vizuri. Nilitengeneza huku, nikavunja kule.

Njo pale nilielewa kazi ya majaribio yanayojiendesha. Kila mara unapogusa programu, inabidi uhakikishe tena mambo yote ya zamani, si lile jipya peke yake. Mara ya kwanza utafanya hivyo kwa mkono. Mara ya pili pia. Mara ya tano umechoka, unasema "hii najua inatembea", na kosa linapita palepale. Mashini haichoki. Jaribio la kujiendesha ni programu ndogo inayoita programu nyingine, inaipa kitu kinachojulikana, kisha inalinganisha jibu na lile unalolitegemea. Kwa Python, lile kosa langu lingekamatwa na mistari miwili:

def test_baki_ya_nusu_dola():
    assert baki(5, 3.5, 2800) == 4200

Maana yake: mteja ametoa 5, deni ni 3,50, dola ni 2 800, jibu lazima liwe 4 200. Likiwa lingine, mashini inaandika kwa rangi nyekundu na kukuonyesha pa kuangalia. Mistari ya namna hii ukiwa nayo arobaini, yote inapita kwa sekunde chache, hata mara mia kwa siku.

Lakini angalia vizuri: hakuna kifaa kingenikumbusha nusu dola. Ningeandika mfano wa dola 10 na dola 7 ndani ya kifaa bora cha dunia, kingesema "sawa" kila siku, na wateja wangeendelea kuibiwa. Akili ya kuchagua mfano ni yako. Tena, sisi wa huku tuko na mifano ambayo mutu wa mbali hawezi kuifikiria:

– Malipo ya kuchanganya: dola 5 na franga 3 000 kwa bei moja. Na baki ikitoka franga 3 556, utaitoa namna gani wakati hakuna noti ya franga 6?
– Majina matatu: nom, postnom na prénom. Fomu nyingi kutoka nje ziko na nafasi mbili tu. Postnom inaenda wapi?
– Namba ya telefone: wengine wanaandika 0 mbele, wengine +243 na tarakimu 9, wengine wanaweka nafasi katikati. Ni namba moja, ao programu inaona wateja watatu?
– Saa: Lualaba iko saa moja mbele ya Kinshasa. Malipo ya Kasaji saa sita na nusu usiku, kwa saa ya Kinshasa bado ni jana. Ripoti ya siku itayahesabu siku gani?

Orodha kama hii inaandikwa kwa kalamu na karatasi, bila mega, bila umeme. Ukishakuwa nayo, kuchagua kifaa kunakuwa rahisi, juu kila aina ya swali iko na vifaa vyake.

Kwa hesabu na kanuni za ndani, tumia kifaa cha lugha unayoijua tayari. Python iko na pytest. Java iko na JUnit, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Kent Beck na Erich Gamma. PHP iko na PHPUnit. Vyote ni vya bure, ni vidogo, na vikishaingia ndani ya kompyuta havihitaji tena intaneti. Anzia hapa. Majaribio mengi ya programu nzuri yanakaa hapa, juu ni ya haraka na yanakuonyesha kosa liko wapi.

Kwa kurasa zinazofunguliwa ndani ya brauza, kubonyeza, kujaza fomu, kuona ujumbe unaotoka, kuna Selenium, ambayo Jason Huggins aliianza mwaka 2004 huko Chicago, na Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020. Selenium inaweza kutumia brauza uliyo nayo tayari. Playwright inajua kungojea ukurasa uwe tayari, jambo linalowasumbua sana wanaoanza, lakini kwa kawaida inashusha brauza zake yenyewe, mamia ya mega. Mutu anayenunua mega kidogo kidogo ahesabu hilo. Majaribio ya aina hii ni ya polepole, na yanavunjika hata kama umebadilisha jina la kitufe tu. Andika machache, kwa njia zile za lazima: kuingia, kulipa, kupata risiti.

Kwa programu za telefone kuna Appium, na kwa kupima kama programu itabeba watu elfu kwa wakati mmoja kuna JMeter. Hivyo vinaweza kungoja.

Sasa namna ya kujifunza tukiwa hapa. Ukienda Kolwezi penye muunganiko mzuri, andika "pip download pytest" ndani ya kompyuta yenye Python ya aina moja na yako, weka mafaili kwenye flashi, ukifika nyumbani utaiweka bila intaneti. Shusha pia muhtasari wa masomo ya ISTQB, upo kwa Kifaransa na ni bure. Mtihani wake njo unalipiwa. Halafu chukua programu yako ya mazoezi ya chuo, hata ile unayoonea haya, uiandikie majaribio kumi. Na kila jaribio, livunje kwanza kwa makusudi: haribu programu, uone kama rangi nyekundu inatoka. Jaribio ambalo haujaliona likikataa hata mara moja, usiliamini bado. Hizo kazi kumi, ukizieleza vizuri mbele ya mwenye kukuajiri, zinasema zaidi kuliko majina kumi ya vifaa kwenye CV.

Kwa nini ninasisitiza hivi? Huko Uingereza, posta ilitumia programu ya hesabu inayoitwa Horizon. Programu ilionyesha pesa zimepungua kwa maajenti, na maajenti wakaitwa wezi. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mwaka 2019 mahakama kuu ilithibitisha kwamba programu ilikuwa na makosa, na mwaka 2024 ikabidi bunge litunge sheria ya kufuta hukumu hizo. Kwa miaka yote ile, mashini iliaminiwa kuliko mutu.

Sasa fikiria ajenti wa pesa za telefone hapa kwetu, ao muchimbaji anayeleta mifuko yake kwenye depo, na malipo yake yanatoka kwa kilo, unyevu na kiwango cha shaba. Kompyuta ikisema kidogo, atabishana na nani? Tuko katika jimbo la shaba na kobalti, na hesabu hizi zitazidi kuandikwa na vijana kama sisi.

Majaribio hayathibitishi kwamba programu haina kosa. Edsger Dijkstra alishalikumbusha hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Yanaonyesha makosa yale uliyofikiri kuyatafuta. Kwa hiyo wiki hii usishushe kitu. Chukua karatasi, chagua programu moja unayoijua, uandike mifano kumi inayoweza kuiangusha. Mimi ya kwanza kwenye orodha yangu ni nusu dola ya mama mudogo. Yako ni gani?